Nimeuziwa Vitz yadi, imechemsha siku ya tatu. Mwenye yadi anasema "ulikagua mwenyewe". Nifanyeje?

MtuWaKihonda:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na mkinicheka chekeni kidogo kidogo maana kidonda bado kibichi.

Wiki iliyopita nimenunua Vitz ya 2006, injini ya 1KR, namba D, kwenye yadi moja ya Dar. Jina lake silitaji. Milioni tisa na laki mbili, nusu mkopo wa saccos, nusu mauzo ya mpunga. Nilimwambia mwenye yadi mapema: nataka gari la kwenda Dar na kurudi Moro kila wiki. Akajibu, "Hili unafika nalo Mbeya bila kufungua boneti." Nikalizungusha mtaani dakika kumi, kiyoyozi kinapuliza, injini kimya. Nikasaini.

Siku ya tatu nikaanza safari. Sijafika Chalinze, taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikapaki pembeni mvuke unatoka kila upande. Lilipopoa nikafungua rejeta, maji yana rangi ya udongo na vijichembe vinavyong'aa. Brekidauni mpaka Moro, laki na themanini.

Fundi anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda. Thamostati, ile valvu ya maji ya kupoozea injini, ilishatolewa. Feni imeungwa dairekti, inazunguka tangu unapofungua swichi badala ya kusubiri injini ipate moto. Halafu fundi umeme akaniuliza: "Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya cheki injini huwa inawaka?" Nikajaribu. Oili ikawaka, betri ikawaka, mkanda ukawaka. Ya injini, giza. Akachomoa dashibodi. Nyuma ya ile alama kuna kipande cha utepe mweusi wa umeme, kimekatwa kwa wembe vizuri kabisa, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo.

Nikampigia mwenye yadi. "Mdogo wangu, mkataba ulisoma? Limeuzwa kama lilivyo. Ulikagua mwenyewe." Tangu jana hapokei simu.

BabaJunior:
Pole sana. Ila milioni tisa zote hizo, ulishindwa kumpa fundi elfu hamsini akaliangalie?

MtuWaKihonda:
Dalali alisema fundi yupo palepale yadi.

BabaJunior:
Fundi wa dalali! Umemkabidhi fisi bucha halafu unauliza nyama iko wapi.

SpanaKumiNaNne:
Tuache kumsema mtu, yameshatokea. Mkuu, mimi ni fundi, nisikilize. USIFUNGUE HIYO HEDI. Ukiifungua leo, kesho jamaa atasema umeharibu wewe. Liache hapo lilipo, usiliwashe kabisa. Lipimwe kwa kompyuta, makosa yaliyomo yachapishwe. Fundi wako aandike alichokuta, tarehe, kilomita, saini na namba yake. Piga picha za feni ilivyoungwa. Video ya swichi ikifunguliwa taa zikiwaka zote isipokuwa moja ina thamani kuliko maneno yako yote.

Vile vijichembe ni dawa ya kuziba rejeta. Inashikilia siku mbili tatu za mjini, ukitoka barabara kuu injini ikipata moto inaachia. Ndiyo maana hukuona kitu dakika kumi za mtaani.

Chuma_Chakavu:
Nenda polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako), aje achukuliwe na difenda. Atatoa hela siku hiyohiyo.

SheriaMkononi:
Polisi wengi watakwambia haya ni madai, nenda mahakamani. Kama kuna udanganyifu wa wazi mlango wa jinai upo, ila usianze nao.

Mleta mada, hilo neno "kama lilivyo" lisikutishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza mfanyabiashara unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, kitu kinatakiwa kifae kazi hiyo. Wewe ulimtajia Moro. Kweli, ukikagua mwenyewe huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Lakini nani anakagua nyuma ya dashibodi? Na masharti ya mkataba yanaweza kupunguza haki zako, ila hayamlindi aliyeficha kwa makusudi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyelaghaiwa haki ya kuuvunja mkataba. Sharti usikae kimya, wala usiendelee kulitumia gari kama vile umeridhika.

Mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, ipelekwe kwa mkono na asaini kupokea. Nakala peleka Tume ya Ushindani, FCC. Nao wanahusika na mlaji anapopotoshwa.

KijanaWaYadi:
Nimefanya kazi yadi miaka minne, nakupa siri moja. Magari mengi pale si ya mwenye yadi, yamewekwa tu na wenyewe. Kadi ya gari ina jina la nani? Mtafute huyo mtu kabla yadi hawajamtafuta.

MtuWaKihonda:
Jina la mama mmoja. Ngoja nimtafute.

MtuWaKihonda:
Wakuu, nimerudi. Namba ya yule mama nimeipata kwenye mkataba wake wa kuwauzia yadi, uliokuwa umebanwa nyuma ya kadi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nililiuza kwa sababu lilikuwa linachemsha. Na niliwaambia." Alilitoa kwa milioni nne na nusu! Ujumbe aliomwandikia mwenye yadi bado anao kwenye WhatsApp, amenitumia picha yake.

SheriaMkononi:
Hapo umepata kesi. Mwombe mama asiufute, na simu asiibadilishe.

MtuWaKihonda:
Nilimtumia mwenye yadi ile picha, bila neno lolote. Dakika mbili simu hiyoo! Sasa mimi ni "kaka". Hela anasema hana, ila atanifungia injini nyingine kutoka Gerezani, kule kwenye vipuri Dar. Nikubali?

SpanaKumiNaNne:
Usikubali kabla hujaisikia ikiwaka na kupimwa kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda zote tatu, fundi uwe umemchagua wewe. Na injini ina namba, namba hiyo iko kwenye kadi. Akibadilisha bila karatasi za injini na kadi kurekebishwa TRA, siku ukitaka kuuza utaonekana mwizi.

BabaJunior:
Na hela ya brekidauni nani analipa? Mimi ningedai changu chote, nimrudishie gari lake.

MtuWaKihonda:
Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimemwandikia nataka hela yangu, gari alifuate Moro mwenyewe. Barua ameipokea leo, amesaini, siku 14 zinahesabika. Ameomba tuonane Jumamosi saa nne, anakuja na kaka yake. Mimi naenda na mjomba. Ule utepe nimeuweka kwenye bahasha.