Wapiga besi na wenye masikio: wimbo gani mnaupenda, na upi umepewa sifa kuliko haki yake?

Besi_Jang'ombe

Assalaam aleykum jamani.

Mie mpiga besi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nilianza na sanduku kwenye kidumbak, ile ngoma yetu ya harusini, sasa kila mwisho wa wiki niko hoteli moja huko Nungwi, nawapigia watalii wanaokula pweza. Kabla ya swali nikupeni kisa.

Mwezi uliopita tunajaribu vyombo, meneja kaja: besi inatikisa glasi za wageni, nipunguze. Nikapunguza. Karudi tena: bado. Basi mie nikachomoa waya kabisa, nikabaki nachezesha vidole vikavu, uso nimeukunja kama mtu mwenye kazi nzito. Nyimbo nne. Hakuna mgeni aliyegeuza shingo. Mwimbaji wetu mwenyewe hana habari. Aliyetoka ni mpishi, mwiko mkononi, kasimama mlangoni pa jiko: "Jamani, leo muziki mbona umekonda?"

Mpishi yule kanipa kipimo. Siku hizi kila wimbo unaosifiwa nauvua besi kichwani, natazama kilichobaki. Ukiwa bado umesimama, besi ile ilikuwa pambo tu. Ukianguka, huo wangu.

Ninaowapenda. Wa mwanzo Aston "Family Man" Barrett, wa Bob Marley, aliyefariki Februari 2024. Watu wanaondoka na maneno ya Bob, mie naondoka na besi ya Barrett, naweza kuiimba peke yake nikikoga. Anakuachia nafasi pale unapomtarajia, halafu anarudi kama aliyekwenda dukani mara moja. Niliposoma kwamba besi yake ya kwanza alijitengenezea kwa plaiwudi, wallahi nilicheka, maana yangu ya kwanza ilikuwa sanduku la majani ya chai, kamba moja na fimbo. Ukitaka sauti ya juu unaivuta fimbo, kamba ikaze. Ukitaka ya chini unailegeza. Hakuna alama ya kukuonyesha noti iko wapi. Unatafuta kwa sikio, na mkono unafanya sugu.

Wa pili James Jamerson wa Motown, kampuni ya rekodi pale Detroit, Marekani. Mkono wa kulia alikuwa akitumia kidole kimoja tu, cha shahada, na kwa kidole hicho kapiga nyimbo chungu nzima ambazo dunia inazijua, jina lake halimo kwenye majalada mpaka ilipotoka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Na nyuzi alikuwa habadilishi, akiamini uchafu ndio utamu. Mie nami sibadilishi, lakini kwa sababu nyingine: sizipati. Hewa ya chumvi ya Nungwi inazila, zinakuwa bubu, basi nazichemsha kwenye sufuria na siki kidogo. Zinafufuka wiki mbili. Mke wangu kanipa sufuria yangu maalumu, hataki kuiona karibu na wali wake.

Sasa waliozidishiwa sifa, na hapa najua nitatukanwa.

Jambo Bwana. Them Mushrooms wa Kenya waliirekodi 1982, Mungu awape heri, lakini mie nimeshaipiga mara nyingi kuliko wao. Ina kodi tatu za gita, na ndiyo inayonilipia ya nne, ya nyumba. Usiku mmoja tumeipiga mara tano, kila meza inataka yake.

Ya pili, Bohemian Rhapsody ya bendi ya Queen. Najua, mwimbaji wao Freddie Mercury mtoto wetu, kazaliwa hapa Unguja 1946, familia ikaondoka 1964, na kila siku pale Shangani waongoza watalii wanasimama na makundi yao wakielekeza kidole. Mie sina ugomvi na sauti yake. Lakini wimbo ule wa dakika karibu sita ni nyumba yenye milango mingi na hakuna pa kukaa. Queen ninayoitaka mie ni ya John Deacon, mpiga besi wao, yule mpole wa pembeni. Another One Bites the Dust, 1980, katunga yeye. Noti moja, dum, dum, dum, kisha kimya. Kile kimya ndicho kinachokuinua kitini. Vua besi pale uone: Freddie anabaki anapiga kelele chumba kitupu.

Ya tatu amapiano, yote kwa jumla. Sielezi.

Haya, na nyinyi?

Fidla_Mkunazini

Waaleykum salaam kaka yangu. Kwanza pole na meneja, pili wacha deko. Jambo Bwana hiyo unayoitukana ndiyo iliyokusomeshea watoto.

Kipimo chako nimekipenda, ila kwenye taarab ya asili hakikai. Sisi kodi hatuna. Fidla, ganuni, akodiani, nai, sote tunaifuata sauti moja, na besi ile kubwa ya kusimama inakaa na dumbak kwenye mahadhi. Ukiivua, wimbo hauanguki. Unakimbia. Nitakwambia nilivyojua. Mpiga besi wetu kashikwa na homa, tukaenda harusini Bububu bila yake. Bashraf ya mwanzo, ile ya vyombo vitupu bila mwimbaji, imekwisha tunahema, kila mmoja anamtazama mwenzake nani kaharakisha. Bi harusi hajafika bado na sisi tumeshamaliza nusu ya nyimbo. Siku ile nilijua kwamba yule bwana anayesimama nyuma yangu, ambaye miaka yote nilimwona kama anapigapiga tu, ndiye aliyekuwa ametushika kanzu.

Nikipendacho ni vyama vyetu vya zamani vilipokuwa vimejaa: Ikhwani Safaa ya 1905, na Culture Musical Club ya 1958, safu ya fidla nzima, besi nyuma. Wazee walitaka iwe kama Misri, kama wapigaji wa mwimbaji wao Umm Kulthum.

Kilichozidishiwa sifa kwangu ni rusha roho, taarab ya kisasa, ya kinanda. Besi yake ni kidole cha kushoto kinachobonyeza pale pale tangu magharibi mpaka usiku wa manane. Ingawa simlaumu mwenye harusi, analipa watu wanne badala ya ishirini. Na nikiwa mimi ndiye mwalikwa, nacheza na natunza kama wenzangu. Usiniulize.

Ami_wa_Makunduchi

Mie nasikiliza kwa simu. Hiyo besi mnayoisema iko wapi?

Biti_za_Wete

Shikamoo mzee wangu Besi. Mie kijana wa Wete, natengeneza biti chumbani kwa kompyuta, kwa hiyo kwa mujibu wako mie ndiye niliyekula kazi yako. Naomba nijitetee mambo mawili.

La kwanza, kipimo. Prince, mwaka 1984, When Doves Cry. Besi ilikuwapo, akaiondoa kwa makusudi, akauachia wimbo hivyo hivyo, na Marekani ukashika nambari moja. Sasa huo unauweka wapi? Kwa kanuni yako umekonda kabla mpishi hajatoka jikoni. Mbona haukuanguka?

La pili, amapiano "sielezi". Mzee, ile sauti ya logi dramu, ile inayodunda na kuteleza kutoka noti moja kwenda nyengine, isikilize vizuri. Haina alama za vidole. Inavutwa, inalegezwa. Mie nilipokuwa mdogo nilimwona mtu anapiga sanduku kwenye harusi Konde, na nilipoisikia logi dramu mara ya kwanza nikamkumbuka yeye. Unalikataa sanduku lako mwenyewe kwa sababu limekuja kutoka Afrika Kusini?

Yangu niipendayo: chochote chenye besi ya Robbie Shakespeare, yule wa rege ya Jamaika. Iliyozidishiwa sifa: wimbo wowote wa bongo fleva uliorekodiwa ili usikike kwenye simu ya Ami.

Ami_wa_Makunduchi

Nimetajwa.

Besi_Jang'ombe

Marahaba mwanangu.

Nianze na Ami, yake nyepesi. Uzi wangu mnene ukiachwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu, kidogo kama ukucha, hakiwezi kuusukuma upepo huo. Unachosikia ni kivuli chake. Nenda kapande daladala yoyote yenye spika chini ya kiti cha nyuma, shusha pumzi, utaisikia kwa mgongo.

Bibi Fidla, hiyo ya kushikwa kanzu nitaitumia nikidai nyongeza ya mshahara. Bashraf kumalizika watu wanahema, nimekuona kama nilikuwapo.

Sasa wewe wa Wete. Jana nimeazima hedifoni za mpiga solo wetu, nimekaa ufukweni kabla ya kazi, nimeusikiliza huo wa Prince mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili vidole vikaanza kutafuta pa kuingia, vikawa vinagonga gotini, na kila nilipoingia naharibu. Dramu zile kavu, sauti imening'inia juu, na chini pana shimo. Huyu bwana kachimba kisima halafu kakataa kukitia maji. Ya tatu nikanyamaza. Sikubali kwamba umevunja kipimo changu. Nakubali umekitia ufa. Yule alijua besi ingekaa wapi, ndiyo maana aliweza kuiondoa. Wenzio wa bongo fleva wengi hawakuiondoa, hawakujua kama ilitakiwa.

Na logi dramu nimesikiliza, kwa sababu ya hilo la sanduku. Haya. Kuteleza kule nimekujua. Sisemi zaidi, wasije wakasoma wenzangu wa bendi.

Nilichofanya jana usiku: Jambo Bwana ya kwanza, ubeti wa pili, nikaacha kupiga. Sikuchomoa waya, niliinua mkono tu, mizunguko minane. Mpiga dramu kanigeukia kama nimezimia. Niliporudi, kuna bwana mmoja wa meza ya mwisho aliyekuwa anakula kaweka uma chini, kainua kichwa. Meneja kaja baada ya hapo kuniuliza kama gita limeharibika.

Limeharibika kweli, maana uzi wa G umekatika ubeti wa mwisho, na huo hauchemsheki. Kama kuna anayejua duka la nyuzi za besi Darajani au popote hapa mjini, za nyuzi nne, aniandikie leo kabla ya alasiri. Nina kazi usiku.