Misimu (maneno ya mtaani) ya zamani ya Kiingereza: ipi bado inasikika ya leo?

Mtunzi wa Jinja
Wadau, naandaa igizo la Kiingereza la wanafunzi wa sekondari. Wahusika wawili ni vijana wa Kampala ya leo, wa tatu ni jjajja (babu au bibi) wao aliyekuwa kijana miaka ya 1960. Kwenye rasimu nimewapa "groovy" na "swell" (yote ya kusifia, kama "safi sana"), "dude" na "cool". Yapi yatachekesha pasipotakiwa kicheko?

Kalamu Kavu
"Groovy" mpe jjajja peke yake. Lilitoka kwa wapiga jazi, likavuma miaka ya 1960, likazeeka pamoja na vijana wa wakati ule. Anayelitamka leo huwa anatania. "Swell" hata jjajja halimfai: ni la Wamarekani waliomtangulia.

"Cool" ndilo la ajabu. Nalo ni la wapiga jazi, tena la kabla ya 1950, lakini halijachuja. Naona limeokolewa na upana wake: unasifia nalo, unakubali nalo, unamweleza nalo mtu asiyebabaika. Kama "poa" yetu tu.

Msahihishaji
Ssebo, usipime umri wa neno ukasahau maana. Miaka ya 1880 kule New York "dude" alikuwa mtanashati aliyepitiliza mavazi. Leo ni jamaa yeyote. Na "OK" ilianza kama mzaha wa gazeti la Boston mwaka 1839, ufupisho wa "oll korrect", tahajia iliyokosewa makusudi. Nani leo anaiita msimu?

Ukitaka kupima, fungua Google Books Ngram Viewer, inayochora mstari wa matumizi ya neno vitabuni mwaka hadi mwaka, ila usitafute "swell" tupu: itahesabu na kuvimba na mawimbi. Andika "a swell guy". Kisha angalia Green's Dictionary of Slang mtandaoni, mifano yake ina miaka. Mstari ukipanda usishangilie haraka. Vitabu huchelewa kuliko mtaa, na riwaya za kihistoria hufufua maneno yaliyokwisha kufa.

Kalamu Kavu
Tena hao vijana ni wa Kampala! Aliyeadimika huambiwa "you are lost", ndiyo "obuze" ya Kiluganda hiyo. Kwenye taksi utasikia "extend", yaani sogea. Kumkamua mchumba pesa ni "detooth". Wakirundika "dude" kila sentensi, wataonekana wanaigiza Umarekani.

Mtunzi wa Jinja
Webale nnyo. "Swell" nimeifuta. Jjajja atasema "groovy" mara moja, wajukuu watazamane.