Nimepita karatasi zote tisa za mtihani wa uwakili Kenya. Nini kinafuata?

Mwanagenzi_Karen
Wadau, matokeo ya Baraza la Elimu ya Sheria yametoka na karatasi zote tisa zimepita. Miezi sita ya uanagenzi nayo imekwisha. Nyumbani tayari wananiita wakili, lakini najua bado. Naomba mwenye kujua hatua aniambie: naanzia ofisi gani, na ni wapi faili za watu hukwama? Pia, nikishaapishwa, naweza kufungua ofisi yangu Nakuru mara moja?

KaraniWaMasjala
Hongera. Kufaulu mtihani kumekupa haki ya kuomba tu, si haki ya kusimama kortini. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinataka uwe umekubaliwa kuwa wakili, jina lako liwe kwenye Sajili ya Mawakili, na uwe na cheti cha kuendesha uwakili kilicho hai. Kimoja kikikosekana, sheria inakuhesabu kama mtu asiye na sifa, na kifungu cha 33 kinafanya kujidai wakili kuwa kosa. Hao wa nyumbani waache waseme wapendavyo. Wewe usiliandike jina hilo kwenye kadi wala kwenye wasifu wako mtandaoni.

Anzia kwa Baraza la Elimu ya Sheria, uchukue cheti kinachothibitisha kwamba umetimiza masharti ya masomo, mtihani na uanagenzi. Bila hicho ombi lako halina miguu.

Kisha andaa ombi lenyewe kwa Jaji Mkuu chini ya kifungu cha 15. Linaandikwa kwa fomu iliyowekwa, linathibitishwa kwa kiapo, na linawasilishwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Nakala moja inakwenda kwa Baraza na nyingine kwa Chama cha Mawakili, yaani LSK, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Ambatisha shahada ya sheria, diploma ya Kenya School of Law, cheti cha Baraza, uthibitisho wa uanagenzi uliotiwa saini na wakili aliyekusimamia, na vyeti vya mwenendo mwema kutoka kwa mawakili wawili wanaokufahamu. Nakala ziwe zimethibitishwa, na hati halisi usiziache mbali, maana huitishwa.

Sasa mahali faili zinapokwama. Mara nyingi tatizo si masomo, ni uanagenzi. Wakili msimamizi anatakiwa awe na miaka isiyopungua mitano kazini, na awe na cheti hai muda wote uliokuwa chini yake. Angalia jina lake kwenye orodha ya LSK kabla hujawasilisha chochote. Ukikuta alichelewa kulipia mwaka mmoja katikati ya ile miezi yako sita, ni heri ulijue wewe kwanza kuliko kuambiwa na masjala. Hesabu tarehe pia: miezi sita ni sita kamili, na tarehe za kwenye mkataba wa uanagenzi zifanane na zile za uthibitisho wa mwisho. Siku tatu zikipungua, unarudishwa.

Hati_na_Muhuri
Naongeza la majina, kwa sababu ndilo linalochosha watu bure. Shahada inasema majina matatu, kitambulisho mawili, cheti cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, kina herufi moja tofauti. Jina litakaloingia kwenye Sajili ndilo litakalokuwa kwenye cheti chako kila mwaka, kwa hiyo lisafishwe kabla. Kama ni tofauti ya tahajia au mpangilio, hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja mara nyingi hutosha. Kama jina limebadilika kabisa, kwa ndoa au sababu nyingine, fanya hati ya kubadilisha jina, isajiliwe na itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hiyo haifanyiki kwa wiki moja, kwa hiyo ianze leo.

Kuapishwa hufanyika kwa makundi mbele ya Jaji Mkuu, si siku unayoitaka wewe. Utakula kiapo au kutoa ahadi, utatia saini Sajili, na utapewa namba inayoanza na P.105. Namba hiyo utaiandika maisha yako yote, usiikosee.

Kifungu32
La Nakuru halijajibiwa na ndilo zito. Jibu ni hapana. Kifungu cha 32 kinasema wazi: hata ukiwa na cheti, huruhusiwi kuendesha uwakili kwa niaba yako mwenyewe, iwe kutwa nzima au kwa muda wa ziada, mpaka ufanye kazi Kenya mfululizo miaka isiyopungua miwili katika nafasi ya mshahara. Mwajiri awe ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, shirika lililoidhinishwa na Baraza, au wakili ambaye ameendesha ofisi yake mwenyewe mfululizo kwa miaka mitano au zaidi.

Mtego uko kwenye maneno machache: miaka hiyo inahesabiwa *baada ya kupata cheti cha kwanza*. Mtu anaapishwa, anaajiriwa na kampuni, anaona cheti ni gharama tu kwa kuwa haendi kortini, anakaa miaka mitatu. Siku anataka kufungua ofisi, saa yake haijaanza kugonga. Chukua cheti mwaka wa kwanza hata kama kazi yako ni ya mezani, na utunze barua za ajira na hati za mshahara.

Na usidanganyike na mpango wa "mshirika asiye na mshahara, tunagawana kinachoingia". Kifungu kinataka mshahara. Kugawana mapato ni kufanya biashara yako.

Mwanagenzi_Karen
Asanteni sana. Hilo la 32 sikulijua. Na cheti chenyewe, nikiapishwa mwishoni mwa mwaka kuna maana ya kulipia?

KaraniWaMasjala
Mwaka wa uwakili ni Januari mosi hadi Desemba 31. Cheti cha Novemba kinakufa Desemba 31 kama cha mwenzako wa Februari. Ukihitaji kutia saini hati kabla ya mwaka kwisha, au kuanza kuhesabu ile miaka miwili, lipa. Kama huna kazi bado, subiri Januari: cheti kinachotolewa mwezi huo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi. Ukichelewa hadi Machi, kinaanza siku kilipotolewa na kule nyuma kunabaki pengo. Maombi hupitia LSK, anayetoa ni Msajili. Kila mwaka utahitaji pia pointi 5 za mafunzo endelevu, kwa hiyo usizikusanye zote Desemba.

Hati_na_Muhuri
Kuna watakaokuambia pengo si neno kwa sababu Mahakama ya Juu, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing mwaka 2015, ilikataa kubatilisha hati iliyoandaliwa na wakili asiye na cheti hai. Uamuzi ule ulimkinga mteja asiye na hatia. Wakili mwenyewe bado ana kesi ya nidhamu ya kujibu.

Mwanagenzi_Karen
Nimeelewa. La mwisho: mhuri wa kamishna wa viapo, ule wa kushuhudia hati za kiapo, unakuja pamoja na cheti?

Kifungu32
Hapana. Hilo ni ombi jingine kwa Jaji Mkuu, nawe uwe tayari una cheti hai. Uthibitishaji wa hati za kimataifa, yaani unotari, uko mbali zaidi: miaka mitano kazini kwanza. Usiagize mhuri wowote kwa fundi kabla ya kupata barua ya uteuzi mkononi.