Onduleri na pakiti za batiri mu raki, ao inverteri na litiyumu? Tununue gani?

mwana_kamalondo: Bandugu jambo. Ku ofisi yetu apa Lubumbashi tuko na raki (kabati ya chuma) ya serveri, kura (umeme) inakatika ovyo, bosi anataka tununue kitu mwezi huu. Kuko propozisio mbili: onduleri online (UPS yenye inapitisha umeme yote ndani yake kila wakati) ya kVA 3 ya kuweka mu raki na pakiti mbili za batiri za inje, ao inverteri hibridi (inachaji batiri na kura ao na sola) ya kVA 5 na batiri ya litiyumu ya volti 48. Bei inakaribiana. Mungechagua gani?

fundi_katuba: Yaya, bintu bya mu raki binakula wati ngapi? Kura ikienda inakawia dakika kumi ao saa tano? Na raki inasimama chini ao ni kakofre ka ku ukuta? Bila ile kila mutu atakuambia tu kile anapenda.

rezo_belair: Onduleri online, bila kufikiri mara mbili. Serveri haisikie hata kidogo kama kura imeenda. Inverteri hata ukiipanga ku mode ya UPS inakawia karibu milisekonde 10 mbele ya kuingia ku batiri.

fundi_katuba: Milisekonde 10 alimentasio nzuri ya serveri inavumilia. Shida ya pakiti za inje ni chaja, iko ndani ya onduleri na mara mingi ni ndogo, unaongeza pakiti mbili kujaa kunachukua masaa na masaa, mbele zijae kura inakatika tena. Na zile ni batiri za risasi, zikikaa nusu kila siku zinakufa mbio.

mama_serveri: Mi niliona mambo yake na macho. Kazi ya zamani, tekinisie mumoja alifunga onduleri katikati ya raki bila reli, anaishikisha tu na visi vya mbele, pakiti juu yake, na ile pakiti mutu mumoja habebe. Chuma ikaanza kupinda, raki inaegama. Kisha ikaja joto ya mwezi wa kumi, kura ikienda klima nayo inaenda lakini serveri zinaendelea kutoa moto, batiri zikavimba ndani, siku ya kubadirisha hazitoke, tukafungua kasha yote na tournevis, rezo imezimwa, bakiliya banapiga simu. Batiri ya risasi inapenda digrii 20 mpaka 25, ukipandisha 10 maisha yake inakatika karibu nusu. Njo maana nasema: reli kwanza, batiri chini kabisa ya raki, toa batiri za ndani mbele ya kunyanyua, na mu menyu ya onduleri uandike hesabu ya pakiti, kama si vile dakika inaonyesha ni za uongo.

vieux_ampere: Bote munaongea batiri, hakuna aliuliza tere (waya ya kupeleka umeme mu udongo)! Mvua inaanza, radi za huku munazijua. Raki bila tere nzuri, hata ununue kitu ya bei gani itaungua.

rezo_belair: Vieux, tere peke haitoshe, kunatakiwa na parafudre (kizuizi cha radi) ku kofre ya umeme.

vieux_ampere: Mutoto wangu, parafudre bila tere itapeleka radi wapi? Anza na tere, upime, kisha tuzungumuze.

mwana_kamalondo: Munisamehe, nilisahau kusema: wati karibu 900, kura inaenda hata saa tano. Raki inasimama chini.

fundi_katuba: Sasa unaongea. 900 mara saa tano ni wati-saa 4500. Batiri ya litiyumu ya 48V 100Ah ni wati-saa 4800 ku karatasi, lakini toa hasara ya inverteri na usiimalize yote, utafika saa ine na kidogo. Chukua mbili. Ile 900 ulipima ao ulisoma ku etiketi?

rezo_belair: Na onduleri kadogo online kati ya inverteri na serveri, mi siachane na ile.

mama_serveri: Pima kina ya raki pia, kuna zingine pakiti inatokea nyuma mulango haufunge.

duka_ruashi: Nami niko na siber ya intaneti Ruashi, gurupu (jenereta) ya kVA 5 inafanya onduleri ilie kila mara, inakataa kupokea kura yake. Ni frekansi ao nini?

vieux_ampere: Ulipima hertzi ngapi kama sharji yote (bintu byote binakula kura) imewashwa?