Mto Tana ukifurika ni wetu, ukitoa stima ni wa wengine

Wadau, hasira haijaniisha. Juzi usiku shemeji yangu kajifungulia zahanati ya kijijini kwetu, muuguzi kaing'ata simu mdomoni ili tochi immulikie mikono. Simu yenyewe ya bodaboda aliyemleta, chaji asilimia 9. Alhamdulillahi mama mzima, mtoto mzima. Paneli ya sola iko pale juu ya bati, betri ilikufa zamani, tunaambiwa fundi yuaja.

Kumweleza jamaa yangu wa Nairobi, akanijibu: "Nyinyi huko ni ukame tu, serikali ifanyeje?" Ukame gani, na mimi nimezaliwa kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya? Maji haya yanapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, kila bwawa linakamua stima yake, ndipo yateremke kwetu. Stima hatuioni. Mabwawa yakifurika ndiyo tunakumbukwa: 2024 tumelala chini ya turubai kando ya lami, mahindi yanaozea majini.

Wala msiniambie ni bahati mbaya. Yaliandikwa! Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulisema pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, usafiri, stima, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Eti walio tayari! Shemeji yangu hakuwa tayari? Na barabara tungeitoa wapi, ikiwa sharti la kujengewa ni uwe nayo tayari?

Katiba ya 2010 ikaja na Hazina ya Usawazishaji, Kifungu cha 204. Maji, barabara, afya na stima kwa walioachwa nyuma, na kaunti yetu ya Tana River ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Kiasi chenyewe? Nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu. Nusu! Hata hiyo ikasumbuliwa na kesi na mivutano, na muda wake wa miaka 20 unaisha 2030. Mtihani wa kidato cha nne, lakini, tunafanya ule ule mmoja na watoto wa Nairobi, halafu mnatuuliza mbona tunafeli.

Mwenye kujua bei ya betri ya sola ya kuwasha balbu mbili aandike hapa chini. Muuguzi anasema kuna mama mwengine wiki ijayo.