Naomba ushauri: kukodi baiskeli Valencia, Hispania, katika joto la Julai

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mwezi Julai, Mungu akipenda, mimi na mke wangu pamoja na binti yetu wa miaka 10 tutatembelea Valencia, na tungependa kuzunguka kwa baiskeli. Kilichotuvutia zaidi ni bustani ya Turia, kwani baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1957 mto ulichepushwa nje ya jiji, na mkondo wake wa zamani ukageuzwa kuwa bustani ya takribani kilomita 9, ambamo mtu huendesha chini ya madaraja ya kale bila kukutana na magari.

Baiskeli za umma za Valenbisi naona zinawafaa zaidi wakazi wenye safari fupi za kituo hadi kituo, hivyo tunafikiria kukodi dukani, ambako mtoto atapata ya kimo chake. Je, ni kawaida duka kudai pasipoti kama dhamana? Binafsi ningependelea kuacha fedha.

Linalonitia wasiwasi hasa ni safari ya kwenda ziwa Albufera, upande wa kusini, penye mashamba ya mpunga na kivuli haba. Kofia ngumu tutavaa sote, maana sheria ya huko inamlazimu mtoto popote, na mtu mzima akiwa nje ya mji. Kwa mliowahi kuendesha huko na watoto, mliondoka saa ngapi ili kukwepa jua la mchana, na maji mliyapata wapi njiani?