Nimeloweka maua kwenye jini ya sendoff, imekuwa chungu, naombeni ushauri haraka

Dada_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Jumamosi ni sendoff ya mdogo wangu hapa Dar, nimepewa kitengo cha vinywaji nikaahidi wageni watapokelewa na jini ya maua. Jana nimeloweka chupa tatu, leo nimeonja kwa ncha ya kijiko ni chungu na rangi imekuwa kahawia. Niongeze asali? Usingizi sipati.

Kaunta_Senior: Pole dada. Kwenye jini mwenyewe ni juniperi, vile vitunda vyenye harufu, halafu giligilani na ganda la limao, maua yanakuja juu kwa mbali. Hendrick's ya Uskoti waridi na tango vinaongezwa jini ikishapikwa, tena kidogo. Wewe umelaza usiku kucha, uchungu wote umetoka na asali haiutoi. Maua makavu kijiko kimoja kwa chupa, masaa mawili matatu huku unaonja, chuja. Glasi ijae barafu, jini mililita 50, toniki 150, kipande cha tango basi. Ni maua gani lakini?

Ubani_Mkavu: Nimesoma kichwa nikajua jini mahaba, nimeingia na kisomo mkononi 😂 Ila kweli sendoff bila pombe haifai siku hizi? Zetu ilikuwa togwa na watu walicheza hadi asubuhi.

Mama_Pacha: Yangu ilikuwa Moshi, shangazi alichemsha choya na tangawizi akaipoza, wanywaji wakamiminiwa jini humo humo, nyekunduuu, ndimu juu. Baba pacha ndo alinitongozea rafiki yangu siku hiyo hiyo, ila hiyo stori siku nyingine.

Kaunta_Senior: Dada hujajibu. Maua gani, umeyatoa wapi?

Dada_Mkubwa: Waridi. Ya wauza mashada pale barabarani. Ila nimeyaosha na maji ya chumvi mara tatu na yananukia vizuri tu.

Kaunta_Senior: Mwaga. Waridi la shada linapigwa dawa za wadudu na ukungu, halikulimwa liliwe. Kuosha hakutoi kilichoingia ndani, na pombe inakivuta.

Dada_Mkubwa: Kaka ni hela ya kamati hiyo. Si wanapamba nayo keki? Nafikiria nichanganye na soda nyingi, kila mtu glasi moja.

Jicho_Kali: Ngojeni kwanza. Mwezi uliopita si ulileta uzi hapa wa harusi ya mdogo wako? Leo ana sendoff tena? Hii chai.

Mama_Pacha: Eeh hata mi nakumbuka, gauni lilichelewa kwa fundi.

Dada_Mkubwa: Yule ni mtoto wa mama mkubwa, kwetu huyo ni mdogo wangu. Nitunge ili iweje? Chupa ziko chini ya sinki hapa.

Kaunta_Senior: Chai au sio chai, zisitoke hapo kwenda kwa wageni. Choya kavu sokoni ipo, fanya ya Mama Pacha.

Dada_Mkubwa: Nimepata choya robo kilo. Moja nimeshamwaga. Mbili bado naziangalia.